Sahani ya Harusi ya Nicolosa

Kaka Baldassarre,

Barua yako imefika hapa Casteldurante. Mama hajambo, zabibu tumeshavuna, na tanuri letu la vyombo tumeliwasha juzi.

Uliniagiza nichore sahani ya harusi ya mdogo wetu Nicolosa: Dafne, yule msichana wa hadithi za Wayunani, akigeuka mti, eti mfano wa usafi wa bibi harusi. Huko Urbino umejifunza kuvaa hariri, hadithi hukujifunza. Dafne anamkimbia mwanamume, Baldassarre. Mungu Apolo anamkimbiza, na msichana anaona heri awe mti kuliko kushikwa naye.

Nicolosa alikuja karakanani, akaitazama sahani mbichi niliyoanza kuichora.

"Dada, huyu aliponyoka?"

"Aliota majani."

"Basi na mimi niote. Huyo mzee wenu ana meno mawili."

Wenu. Nimetiwa kapu moja na wewe, mimi ambaye sikuulizwa. Mzee Ottaviano umemchagua peke yako.

Sahani nimeichora kama ulivyotaka. Apolo nimempa uso wa Ottaviano, na meno yake mawili. Mgongoni mwa sahani, pale tunapoandika kisa, nimeandika maneno aliyonipa bibi harusi mwenyewe: "Heri niwe mti. Nicolosa." Kazi yetu unaijua. Rangi hunywewa palepale na sahani mbichi, kisha moto huifunga, na hakuna wa kuifuta.

Mama, asiyejua kusoma, amempelekea bwana harusi sahani hiyo leo asubuhi, imefungwa kitambaa kizuri. Wewe mjuzi wa mifano, njoo umfafanulie.

Mimi dada yako,
Pantasilea