Supachaja Kwenye Boma la Mama

Jumamosi, 7 Juni

Nimekamua ng'ombe, nimekunywa chai, nimeingia chini ya gari. Mkanda wa supachaja bado unateleza. Unapiga yowe kama nguruwe. Nimeukaza, nikawasha, nikazima. Nimeukaza tena. Umetulia.

Supachaja ni pampu ya hewa tu. Injini inaizungusha, nayo inailazimisha injini kupumua zaidi. Fundi wa mjini alisema injini nzee kama hii haitaweza, akawatazama vijana wake, wakacheka pamoja. Nimeifunga mwenyewe. Imekaa.

Kaka yangu Wycliffe amepita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Hakunisalimia. Amesema tu, "Takataka," na si majani aliyokuwa akiyatazama.

Jumapili, 8 Juni

Kikao baada ya ibada. Wycliffe ni mzee wa kanisa, anajua kuendesha kikao. Ati kelele za gari zinamwamsha mtoto wake. Hapo ana haki. Nimeahidi kutowasha mtoto akiwa amelala. Ati kuku wameacha kutaga. Uongo. Yai nimelila leo asubuhi.

Kisha likatoka lile lenyewe. "Mwanamke akitoka kwa bwana anajenganga nyumba. Hajengi gari."

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Hilo limeniuma kuliko maneno ya Wycliffe.

Nilitoka kwa bwana na begi la nguo na gari hili. Aliniachia kwa sababu lilikuwa limekufa. Nimelifufua. Sasa nataka likimbie kuliko lilivyowahi kukimbia, na sitaomba ruhusa ya mtu.

Jumatano, 11 Juni

Nimetoka shuleni, nimesahihisha hesabu za Kidato cha Pili, nimefungua laptopu ndani ya gari. Mafuta napanga kwa kompyuta: kiasi hiki mwendo huu, kiasi kile mwendo ule. Likiwa limesimama linanguruma vizuri. Lakini hiyo si kazi. Lazima lipande mlima likiwa na mzigo, na lazima mtu mwingine asome namba kwenye laptopu nikiendesha. Walimu wenzangu wote wamekataa. Waoga.

Jentrix, mke wa Wycliffe, ameniletea chai akasimama mlangoni mwa gari.

"Hiyo namba ikipanda ni nini?"

Nimemweleza. Ni kipimo cha hewa kwa mafuta, inafaa ikae kumi na mbili. Ikipanda, mafuta yamepungua, hewa imezidi, moto unakuwa mkali, pistoni zinayeyuka.

"Kama chapati ukinyima mafuta. Inaungua."

Ndiyo. Hivyo hasa.

"Mimi nitasoma," akasema. "Mtoto atabaki na Mama."

Jumamosi, 14 Juni

Niandike vizuri.

Mwenye shamba la miwa alituruhusu. Miwa imekatwa, matrekta hayapo, barabara ya udongo imenyooka na kupanda. Hakuna mtu. Jentrix akafunga mkanda, laptopu mapajani.

"Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mwalimu, inapanda!"

Nikainua mguu. Tukasimama, nikaongeza kiasi cha mafuta kwenye laptopu. Tena. Ikapanda tena, kidogo. Nikaongeza. Mara ya mwisho nilikanyaga hadi chini, kiti kikanigonga mgongoni, mashina ya miwa yakawa mstari mmoja.

"Kumi na mbili. Imekaa! Imekaa!"

Jentrix akapiga kelele. Nilidhani ni woga. Alikuwa akicheka.

"Rudia," akasema.

Tulirudi nyumbani tumejaa vumbi. Wycliffe alikuwa langoni. Mtu wa bodaboda aliyetuona njiani alikuwa amemwambia. Alimfungulia mke wake mlango bila kumtazama, kisha akanigeukia mimi mbele ya Mama.

"Mwezi huu ukiisha, hiyo gari isiwe hapa."

"Haitakuwa hapa," nikasema. "Wala mimi."

Nilisema kwa hasira. Nimekaa nikafikiria. Sirudishi neno.

Jumapili, 15 Juni

Sijaenda kanisani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekutana na Jentrix kwenye mfereji. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Usinionee huruma. Nilitaka mwenyewe." Akajitwika ndoo akaenda. Nampenda mwanamke huyu.

Naogopa. Kuhama si mchezo. Ninamwacha nani na Mama?

Ijumaa, 20 Juni

Nikiwa darasani Wycliffe alileta mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtu na kamba na pikapu. Jentrix amenisimulia yote.

Mama alitoka na kiti chake, akakiweka mbele ya gari, akakaa. Wycliffe akamwambia aondoke. Mama akasema, "Mwenye gari yuko kazini. Mngojee." Wakangoja. Jua likawachoma. Mama akalala usingizi hapo hapo, au alijifanya. Mnunuzi akachoka, akaondoka.

Niliporudi nilimkuta Mama jikoni. Akaniambia ugali uko kwenye sufuria.

Jumamosi, 21 Juni

Nimepata nyumba Lubao, karibu na soko la mifugo. Ina uwanja na paa la mabati la kuegesha gari. Mwenye nyumba ni mchuuzi wa ng'ombe. Sikutaka kumficha kitu. Nikawasha gari, nikakanyaga mafuta mpaka supachaja ikalia. Akasikiliza ameshika kidevu.

"Siku ya soko kelele za ng'ombe wangu zinazidi hapo. Leta."

Jumamosi, 28 Juni

Nimehama. Godoro, vyombo, vifaa, vitabu. Jentrix alinifungia kuku hai miguu na kumweka kiti cha nyuma. Mama alishika mlango wa gari muda mrefu, kisha akauachia.

Wycliffe alifungua lango mwenyewe. Kuhakikisha ninaenda, nadhani. Nilipita polepole, gia ya kwanza, dirisha wazi, nikimtazama usoni. Aliangalia chini kwanza. Mimi sikuangalia chini.

Nililia njiani, baada ya kupita Shinyalu. Ninaandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 29 Juni

Soko ni tupu leo. Harufu ya kinyesi cha ng'ombe na rangi mpya ya ukuta. Nimepika ugali wa watu wanne, nikacheka peke yangu. Kuku sijamchinja. Anazunguka uwanjani kama mwenye nyumba.

Jentrix amepiga simu. Mtoto ameota jino. Mama anauliza kama nina blanketi ya kutosha. Ninayo. Wycliffe hajauliza kitu.

Mchana mvua imekuja kubwa. Nimebeba sahani yangu nikaenda kukaa ndani ya gari, chini ya mabati, injini imezimwa, mlango wazi. Nimekula taratibu mpaka mvua ikapungua. Hakuna aliyepita kuniuliza ninafanya nini.