Kalamu Zilizoruka Pamoja

Mgodini Geita,
12 Juni 1955

Dada yangu mpendwa Generoza,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa siku zote nilizokaa kimya. Natumaini hujambo hapo Ushirombo, mihogo imekauka vizuri, na yule mbuzi mtundu hajala tena khanga yako. Mimi ni mzima, nimenenepa hata suruali inalalamika.

Nimerudi kutoka Nairobi. Nilipoanguka kifafa karibu na msumeno wa karakana, msimamizi alitaka nifukuzwe kazi. Daktari wa mgodi akamsihi asubiri, akanituma nikapimwe huko. Nikapanda meli Mwanza hadi Kisumu, kisha gari la moshi. Melini nilitapika; kwenye gari la moshi niliimba.

Hospitalini walinibandika nyaya kichwa kizima kwa gundi, nikawa kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Nyaya ziliingia kwenye mashine yenye kalamu nyembamba, zinazochora zenyewe juu ya karatasi inayojisogeza. Muuguzi Zipora, aliyekuwa akinitafsiria, alisema inaandika umeme wa ubongo. Nikaogopa itaandika mawazo yangu, maana nilikuwa nikimwaza Paskazia, binti wa mpishi wetu hapa mgodini. Haraka nikaanza Salamu Maria. Zipora alicheka hadi akashika ukuta, akasema mashine haisomi mawazo, yawe ya dhambi au ya sala.

Kisha daktari akaniambia nipumue kwa nguvu, kama anayevukuta moto wa mhunzi. Nikapumua, kichwa kikawa chepesi, na sikumbuki kingine. Nilipozinduka, Zipora alikuwa akinifuta povu bila hofu yoyote, na daktari amefurahi kama mvuvi aliyenasa kambare mkubwa. Akanionyesha karatasi. Mwanzo mistari ilitulia kama bwawa lenye upepo mdogo. Ghafla ikaanza kuruka juu na kushuka, juu na kushuka, kalamu zote kwa pamoja; mwishowe ikalala, kama mtu aliyetoka kulima.

“Hicho ndicho kifafa chako,” akasema. “Si pepo, na povu lake halimwambukizi mtu.”

Wamenipa vidonge. Tangu nianze kuvimeza sijaanguka, ingawa vinaleta usingizi, na Jumapili nilikoroma misani. Msimamizi amenihamishia kwenye kupaka vanishi, mbali na misumeno. Paskazia nimemweleza yote. Aliuliza tu kama vidonge ni vichungu.

Sasa, dada, nije kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Mama, kabla hajafariki, aliniambia kwamba nilipokuwa mchanga niliponyoka mgongoni mwako kule kisimani, nikapiga kichwa kwenye jiwe. Alisema ndiyo maana ulimkataa Onesmo seremala, ukaapa kunilea. Nilikaa kimya nisikutonese kidonda. Huko Nairobi nikamwomba Zipora amuulize daktari. Daktari akaipitia tena karatasi yote kwa kidole, taratibu. Akasema kama jiwe lingekuwa chanzo, mistari ingeanza kuruka upande mmoja, penye kovu. Yangu ilianza pande zote kwa wakati mmoja.

“Mwambie dada yako si yeye aliyekuletea kifafa,” akasema. “Yaelekea ulizaliwa nacho.”

Nililia mbele ya wageni, dada, na sikuona haya.

Onesmo alipita hapa majuzi kuuza vitanda. Hajaoa. Aliuliza habari zako zaidi kuliko alivyouliza bei ya mbao. Nikamwambia aende Ushirombo akaziulize mwenyewe, kwa hiyo ukisikia hodi, tafadhali usijifiche jikoni.

Nisalimie majirani wote, hata wale waliokuwa wakiondoa sahani zao nikikaribia. Mungu akutunze hadi tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Alois