Kwa Eddo Sahara, Uliyenisukumia Kipaza Sauti

Mpendwa Eddo Sahara,

Asalaam aleikum. Tangu ustaafu ukarudi kwenu Habaswein, najua redio yetu haikufikii vizuri, ndiyo maana nakuandikia.

Nilikuita eddo, shangazi, tangu siku niliyoingia chumba chako cha habari hapa Garissa nikiwa mwanafunzi wa uanahabari. Hatukuwa na undugu, ila uligomba kama ndugu. Nilikuletea habari niliyoipata kwa simu: zahanati mpya, kijiji kimoja mbele ya Sangailu, haijafunguliwa tangu ijengwe. Ukaisoma, ukanirudishia.

"Umeiona?"

"Sijaiona, eddo."

"Basi bado si habari. Twende."

Tulifika huko koo zimekauka kwa vumbi. Mlango ulikuwa mpya, rangi ya kijani bado inang'aa, na kufuli kubwa juu yake. Mama mmoja mjamzito alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta. Nikamuuliza anasubiri nini.

"Nasubiri daktari. Mlango iko, daktari hakuna. Sisi nazaa nje kama mbuzi, na nyumba nzuri nasimama hapa natuangalia."

Nilikuwa nimeanza kushusha kinasa sauti. Ukanishika kiwiko, ukakirudisha mbele yake.

Habari ilipotoka, ofisa mhusika wa afya akapiga simu kwa hasira, akataka isirudiwe jioni. Nilidhani masomo yangu yameishia hapo. Wewe ukamjibu kwa upole, "Karibu studio, mheshimiwa, useme mwenyewe."

Akaja kweli. Nikakuwekea kiti, ukakikataa, ukanisukumia kipaza sauti. "Habari ni yako, Hibo. Muulize."

Nikamuuliza, tukiwa hewani, mji mzima ukisikiliza: zahanati iko wazi? Akasema iko wazi. Nikaicheza sauti ya yule mama mpaka mwisho, kisha nikauliza tena, polepole. Akafuta jasho. Akasema muuguzi atapelekwa wiki hiyo hiyo.

Na akapelekwa! Tuliporudi kule, tulisikia kilio cha mtoto mchanga hata kabla ya kushuka garini. Ukapiga kigelegele, eddo, wewe uliyekuwa ukitukataza hata kukohoa karibu na kinasa sauti. Nami nikapiga changu, na akina mama waliokuwa kwenye foleni wakatupokea kwa vigelegele vyao.

Sasa sikia. Wiki hii nimekabidhiwa kiti chako cha mhariri. Natembea barabarani nikitabasamu peke yangu, watu wananiuliza kama naolewa. Nilipoingia chumba cha habari, wenzangu walisimama wakapiga makofi. Nilitaka kuwashukuru kwa maneno mazuri, machozi yakawa karibu. Mara nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa ukali wako uleule, "Kaeni. Taarifa ya saa saba nani anaisoma?"

Wakacheka, wakakaa, tukaanza kazi.

Nabad gelyo, kwaheri ya amani, eddo. Mungu akupe afya na mvua ya kutosha.

Binti yako wa chumba cha habari,
Hibo