Warushaji Watatu wa Dada Stefania

Dar es Salaam,
8 Machi 1999

Dada mpendwa Stefania,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, kile kifua cha Januari kimekwisha. Natumaini wewe, shemeji Klementi na watoto mnaendelea vizuri, na ufuta umeota.

Ofisini umeingia mchezo wa kompyuta unaoitwa besiboli, wa Wamarekani. Usicheke. Ni kama rede, ila anayerushiwa mpira haukwepi, ameshika gongo. Akiupiga mbali anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia ni bao. Akiukosa mara tatu anatoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana, na zamu ziko tisa. Tunacheza saa ya chakula, na Benedikto wa stoo ananifunga kila siku mbele ya watu. Mimi, kama wote, namwacha mrushaji wangu bora mpaka mwisho, lakini ikifika zamu ya sita mkono unamchoka na Benedikto ananimaliza. Wewe ndiye uliyenifundisha rede. Ungefanyaje?

Ndani ya bahasha nimekuwekea fomu ya mtihani wa Maarifa, ule unaowafungulia watu wa darasa la saba njia ya kidato cha nne. Una miaka thelathini tu, dada. Mwisho wa kuirudisha ni Agosti. Ijaze.

Mdogo wako,
Jerome


Kitomanga,
29 Machi 1999

Mdogo wangu Jerome,

Marahaba, na Milele amina. Sisi hatujambo, ila mvua imetulemea na mtoto wetu wa mwisho ana surua, anaendelea kupata nafuu. Kumbe ndiyo kazi waliyokuajiri, kucheza. Ningejua ningekuachia jembe hili.

Jibu lako ni rahisi. Achana na gongo, mlenge mtu mwenyewe. Mpige begani au mgongoni, atoke, aje mwingine. Hata Moza wa kwa mzee Abilahi, na wepesi wake wote, nilikuwa namtoa hivyo.

Fomu nimeiona. Hiyo mpe mwenye kichwa cha shule, changu ni cha jembe na kimeshaota kutu. Usinisumbue nayo.

Dada yako,
Stefania


Dar es Salaam,
20 Aprili 1999

Dada mpendwa,

Shikamoo. Poleni na surua, mtoto apone upesi.

Nimefanya ulivyosema. Nimefungwa kumi na nne kwa bila. Huku mpira ukimgusa mpigaji mwilini hatoki, anapewa kituo cha kwanza bure! Niliwapiga tisa mfululizo nikidhani nashinda. Ofisi nzima ilicheka mpaka bosi akatoka kuuliza kuna msiba au harusi.

Lakini bado naamini wewe ni mtu wa kuulizwa. Nina warushaji watatu: mmoja ana nguvu sana, mmoja anatumia mkono wa kushoto, wa tatu ni dhaifu, mipira yake inakwenda polepole. Mashine hii ukitaka inajichezea yenyewe, wewe unapanga timu tu na kuangalia. Fikiria tena. Na ile fomu pia uifikirie.

Mdogo wako,
Jerome


Kitomanga,
16 Mei 1999

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto amepona, anakula kama mchwa. Pole kwa kufungwa. Nilidhani kila mpira duniani ni rede.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kosa lenu ni kumwacha mtu mmoja mpaka achoke. Anayerushiwa hashindwi na mpira wenye nguvu, anashindwa na mpira asiouzoea. Mimi na Moza tukirusha, nilikuwa nikiona msichana ameanza kuujua mkono wangu, namwachia Moza, naye wake ni wa taratibu, basi yule anaruka kabla mpira haujafika. Kwa hiyo anza na dhaifu, zamu tatu. Wakishazoea upole wake, mwingize mwenye nguvu, zamu tatu. Malizia na wa kushoto. Usingoje mtu aharibu ndipo umtoe, mtoe akiwa bado anasifiwa.

Usikimbilie kwa Benedikto. Iache hiyo mashine ijichezee mara ishirini kwa njia yenu na mara ishirini kwa njia yangu, timu zilezile, uandike. Mbegu ya ufuta haisifiwi kwa shina moja.

Dada yako,
Stefania


Dar es Salaam,
12 Juni 1999

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Mimi mzima, na leo nina furaha.

Mechi ishirini kwa njia yetu: tulishinda saba, tukafungwa mabao mia na kumi na nane. Ishirini kwa njia yako: tulishinda kumi na nne, tukafungwa sabini. Wenzangu walisema nimekosea kuhesabu, tukarudia. Yakaja karibu yaleyale. Kisha nikacheza na Benedikto nikamfunga tatu kwa moja, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Xaveri, aliyesomea hesabu chuo kikuu, aliuliza ni mtaalamu gani aliyepanga jaribio hili. Nikamwambia ni dada yangu, mkulima wa Kitomanga, darasa la saba. Akaomba kunakili. Nakutumia karatasi za matokeo, juu nimechapa jina lako.

Dada, mchezo huu hujauona hata siku moja. Umeupanga ukiwa shambani, kwa barua. Na mimi ndiye niliyesomeshwa. Najivunia na ninaona aibu kwa pamoja. Ukiniambia tena kichwa chako ni cha jembe, sitakubali. Jaza fomu.

Mdogo wako,
Jerome


Dar es Salaam,
30 Julai 1999

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu, na kondakta wa basi niliyempa karatasi zile anasema bahasha alikukabidhi mkononi. Mko wazima kweli? Kama nimekukosea, niambie nikuombe radhi. Agosti ndiyo hiyo inaingia.

Mdogo wako,
Jerome


Kitomanga,
5 Septemba 1999

Mdogo wangu Jerome,

Marahaba. Sote wazima, hujanikosea. Karatasi zilifika, na shemeji yako kazitembeza kijiji kizima, hata kwa wasiojua kusoma.

Nikuambie jambo ambalo baba alikufa nalo. Mwaka 1983 sikufeli. Jina langu lilikuwa la pili kwenye tangazo la waliochaguliwa kwenda sekondari. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Nyangao, wewe una miaka minane, baba anashinda njiani kumpelekea chakula. Nikachagua kubaki. Tukakubaliana na baba tuseme sikuchaguliwa, usije ukakua unajilaumu. Sasa pia usijilaumu.

Tangu hapo nimejiambia kwamba hata ningekwenda ningeshindwa tu. Uongo huo ulinisaidia kuishi, Jerome. Ndiyo maana fomu yako ilinichukiza. Sikuogopa kufeli mtihani, niliogopa kufaulu, maana nikifaulu nitajua nilichokiacha. Karatasi zako zimeninyang'anya uongo wangu. Nililia wiki nzima, Klementi akadhani nimefiwa. Nilikukasirikia, kisha nikakushukuru.

Tarehe 27 Agosti nilikwenda Lindi na fomu. Karani, binti mdogo tu, aliniuliza kwa nini sikuendelea na sekondari, akashika kalamu, akaanza kuandika "hakuchaguliwa" kama anavyowaandikia wengi. Nikamwambia, "Mama, usiandike hivyo. Nilichaguliwa." Sikuwahi kulisema mbele ya mtu. Akafuta, akaandika upya, na mimi nikatia sahihi chini yake.

Nitumie vitabu vya hesabu, hata vikuukuu.

Dada yako,
Stefania