Nyota ya Sultani

Kasongo, 4 Mei 2024

Yaya Subira,

Kabla hata ya salamu, dada yangu, jua unaandikiwa na fundi mkuu wa misitu yote ya Maniema. Nyani wakitaka kupanda mti mgeni, huja kwanza kuniuliza mimi pa kushika. Haya sasa: hujambo huko Kisangani? Chuo kikuu kinakulisha, au kinakufundisha tu? Sisi huku wazima, tunakula sombe letu la majani ya muhogo, tunakutaja.

Visanduku vyako vya kunasa sauti nimevifunga juu ya miti pale bwawani, njia ya Kabambare, kasuku wanakoshuka kunywa. Wachimbaji wa Salamabila wakasimamisha pikipiki: "Kijana, hicho kinaonyesha dhahabu?" Nikawajibu, "Hapana, papa, hiki kinaandika majina ya wezi." Waliondoka mbio, mmoja akaacha kandambili.

Nyanya yetu, Koko Binti, anakusalimu. Bado anaamshwa na Sultani. Kila alfajiri yule kasuku wa nyumbani anasema kwa sauti ya marehemu Koko Abedi, "Binti, fungua, nimerudi," kama babu alivyosema kila akitoka kuswali. Naye Koko anaamka kweli, anafungua mlango kweli, anasimama hapo akiutabasamia ukungu. Nikamwambia, "Koko, yule ni ndege tu." Akasema, "Najua. Wewe unajua nini?"

Mimi niliyeacha shule mapema ili akili isiishe,
mdogo wako Djuma

*

Kisangani, 29 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu, fundi wa nyani. Mimi mzima, ila macho yanauma kwa kutazama kioo cha kompyuta. Kadi za sauti ulizotoa kwenye visanduku zimefika kavu: pikipiki ya dereva Evariste hadi Kindu, kisha mashua mtoni.

Najua utauliza mashine inasikiaje. Haisikii, Djuma, inatazama. Kila mlio inaugeuza kuwa picha, kama alama za matone ya kwanza ya mvua juu ya vumbi. Picha zinazofanana inaziweka karibu karibu. Mwisho napata anga jeusi lenye nyota: kila nyota ni mlio mmoja, kila shada la nyota ni ukoo wa kasuku. Nataka kujua kama kasuku wa kila bwawa wana namna yao ya kusema, kama watu wa Nyangwe walivyo na yao. Naangalia mpaka nasahau kula.

Mabwawa mengine yana nyota, lakini anga la bwawa letu ni tupu, hakuna mlio hata mmoja. Likibaki hivyo, Profesa ataliondoa kwenye utafiti. Hata hivyo usiwaite, usipige mluzi, usinisaidie. Kimya nacho ni jibu.

Na Sultani mtunze. Koko Abedi hakuacha picha wala sauti popote, ila mdomoni mwa ndege yule. Nikija likizo nitainasa.

Dada yako Subira

*

Kasongo, 22 Juni 2024

Yaya,

Uzima upo? Huku upo, ila Koko siku hizi anachelewa kuamka.

Profesa aliondoe bwawa letu? Mwambie akae kwanza. Kadi hii ikifika, mashine yako itapiga vigelegele. Unamkumbuka Zéphirin, mtega ndege? Watu walidhani ujuzi wake uko kwenye ulimbo. Wapi! Alikuwa na kasuku wa kufugwa, anamfunga mtini, yule anaita, na wenzake wa porini wanashuka wenyewe. Sisemi zaidi. Nakuuliza tu kama unamkumbuka.

Mdogo wako mwenye akili,
Djuma

*

Kisangani, 30 Julai 2024

Djuma,

Natumaini Koko ni mzima, nawe pia, maana nataka nikukute mzima.

Kadi ilipoingia, anga lilijaa. Mashada kwa mashada! Nilicheza peke yangu kama mwali. Kisha nikaona nyota moja iko pembeni kabisa, mbali na zote. Nikaibonyeza. "Binti, fungua, nimerudi."

Profesa alikuwa nyuma yangu. Akauliza, "Nani huyo mzee msituni?" Nikasema, "Ni babu yangu. Alishazikwa."

Ulimpeleka Sultani kuwaita. Siwezi tena kujua kama wale ni wenyeji wa bwawa au wageni waliofuata mwito. Siku ile yote haifai. Nitaifuta kabla ya kukabidhi kazi mwezi wa tisa, na bwawa letu litaandikwa tupu. Nimekasirika kiasi cha kofi moja, si mawili.

Msogeze Sultani kwenye simu ya jirani, nimsikie mzima mzima.

Dada yako

*

Kisangani, 24 Agosti 2024

Djuma, mbona kimya? Hamjambo huko?

Koko alinipigia simu. Anasema Sultani yuko kwangu, anasoma chuo kikuu, wewe ndiye uliyemtuma. Aliniuliza anakula nini. Nikajibu, karanga. Nimwambie nini tena?

Yaya wako

*

Kasongo, 3 Septemba 2024

Yaya Subira,

Salamu. Leo sina maneno mengi ya kujisifu, yametumika.

Siku ile bwawani nilimfunga Sultani mguu kwa uzi wa wavu wa Nyangwe, kwa fundo langu mwenyewe, lile ninalosema hakuna wa kulifungua. Akaita. Wakashuka, yaya, mikia myekundu, bwawa zima likawaka. Wakamjibu. Nikasahau hata kwamba nimeshika tawi. Kisha Sultani akainamisha kichwa, akalifungua fundo kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa kwake, akaondoka nao.

Koko sasa alfajiri anakaa nyuma ya mlango. Haufungui. Anasubiri aambiwe. Juzi nilisimama nje nikaiga sauti ya Koko Abedi. Akajibu kutoka ndani, "Djuma, nenda ukalale."

Siku ile iondoe kwenye kazi yako, ni haki, lakini usiifute. Mletee Koko sauti ile. Na kadi hii mpya, iambie mashine iitazame polepole, nyota ya pembeni, labda sasa iko katikati ya shada. Mimi nimepanda kila mti wa njia ya Kabambare, nimemwita kwa sauti zote ninazozijua.

Hakurudi, yaya. Nimempoteza.

Mdogo wako,
Djuma