Motepata ya Melania Bermeo

Cuenca, Jumatano ya Majivu

Dada yangu mpenzi Rosaura,

Nakusalimu mimi, anakusalimu Mama, na wanakusalimu majirani wote wa mtaa wetu wa mikate, hata wale usiowapenda. Goti linaendeleaje huko Murcia? Na yule bibi unayemtunza, bado anaficha miwani yake halafu anakusingizia wewe? Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinama tanuruni, na masikioni bado nina unga tuliorushiana kwenye kanivali. Jumapili nilitoka kanisani na ile sketi yangu nzuri, sijafika hata kona, wajukuu wa Don Abelardo wakanimwagia ndoo nzima ya maji. Nikawatukana mpaka nikakumbuka kwamba nimetoka kupokea komunyo sasa hivi.

Habari kubwa ni ya Mama, na usishtuke, maana imeishia pazuri. Tangu Krismasi alikuwa hali chakula. Homa hana, maumivu hana, amekataa tu. Daktari alikuja akampima, akaniambia moyo hauna neno, lakini kwa mwendo ule Mama hatafika Pasaka. Nilimpikia supu, nikamkorogea uji, nikamchemshia tini kwa sukari guru na kumwekea jibini pembeni, kitu ambacho zamani alikuwa akitufukuzia tusimmalizie. Akageukia ukutani. Siku moja tu alifungua mdomo, akasema atakula motepata, mchuzi wetu wa mahindi na mbegu za maboga, kanivali ikifika, ila ipikwe kwa mkono wake, si kwa mkono wangu mimi wa kuharibu vyakula vya watu. Ndivyo alivyosema, dada. Mwili mgonjwa, ulimi mzima!

Nikajaribu wiki tatu kabla, nipate mazoezi. Mahindi niliyamenya vizuri yakaiva, nyama ya nguruwe na soseji zikakubali, lakini mbegu za maboga ziliniumbua. Ziliungua upande mmoja, na nilipozisaga nikatia maziwa, mchuzi ukakatika wote, maji huku, makapi kule. Mama akaonja ncha ya kijiko, akaniuliza yule nguruwe alinikosea nini. Nikacheka, halafu nikaenda uani nikalia.

Mimi ni mtu wa mikate, unanijua. Mkono ule Mama aliwafundisha watu wawili tu, pale jikoni, mkiwa wasichana: wewe na rafiki yako Melania. Wewe uko ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana Januari nilikupigia simu, na nilipotaja tu jina la Melania ukanikatia. Basi leo nakuandikia. Barua hata ukiichana utaiokota tena vipande vipande uisome, nakujua.

Sikulaumu. Lautaro alikuwa mchumba wako, gauni limeshakatwa, naye Melania akamchukua. Nilikuwepo ulipomfukuza kwa ufagio, ukamwambia asikanyage kizingiti chetu mpaka umwite wewe mwenyewe. Lakini ujue na hili: miaka kumi na tisa hajakikanyaga. Tulipomzika Baba alisimama upande wa pili wa barabara, mvua inamnyeshea, mpaka jeneza likatoka. Na Lautaro mwenyewe tumemzika mwaka wa nne sasa.

Hiyo hiyo Jumapili, bado natiririka maji, nikamkuta Melania mlangoni kwetu amebeba mbegu zake kwenye kikapu. Alivyofika nitakuambia. Aliingia, akavaa aproni ya Mama, akaniambia nitoe pua yangu jikoni nikaangalie mikate yangu. Sikutoka ng'o! Laiti ungemwona, dada. Mbegu alizikaanga kwenye chungu kwa moto mdogo, hazitazami, anazisikiliza. Zilipoanza kuruka akazitoa papo hapo, akazisaga kwenye jiwe la Mama mpaka zikatoa mafuta. Maziwa aliyapasha kwanza, akayatia mwisho kabisa, chungu kimeshaepuliwa, anakoroga polepole huku ananisuta kwamba maziwa baridi ndiyo yaliyoniua. Mchuzi ukawa mzito, laini, mweupe wenye umanjano kidogo. Mtu wa namna ile ukimpa jiko, unakaa kimya unatazama.

Harufu ilipofika chumbani Mama akapaza sauti, akauliza ni nani huyo hatimaye anayejua kukaanga mbegu. Akala bakuli la kwanza. Akaomba la pili, akalikwangua. Kisha akaushika mkono wa Melania, na kwa vile macho yake ni hafifu akauliza kama ni Rosaura. Melania akamwambia ni Melania, lakini Rosaura ndiye aliyemwita.

Sasa kaa chini, dada.

Ile Alhamisi ya makomadre kabla ya kanivali, siku wanawake wanapopelekeana mtoto wa mkate wawe ndugu kama mama mzazi na mama wa ubatizo, nilioka mtoto wangu, nikamchora macho kwa sukari, nikamviringisha kwenye kitambaa cheupe, nikamlaza kwenye sinia la maua na peremende. Juu yake nikaweka karatasi: Melania, nakuletea mwanangu umsimamie ubatizo, tuwe makomadre. Rosaura. Niliuiga mwandiko wako, hata ile R yako yenye mkia. Nikalipeleka sinia mwenyewe. Melania alilipokea kwa mikono miwili, akakaa pale pale kwenye ngazi. Aliniuliza mara tatu kama kweli ni wewe, na mara tatu nikamwambia ndiyo. Amempokea mtoto, kwa hiyo nyinyi ni makomadre, na makomadre hawagombani mpaka kufa. Nimekuozesha urafiki bila ruhusa yako. Asubuhi nilimweleza padri kabla hajanipaka majivu. Akasema deni hilo si lake kulifuta, ni lako.

Nyama imekwisha tangu jana, Kwaresima imeanza. Leo Melania amepika mchuzi wa viazi na jibini, na Mama ameula wote. Melania anasema atakuja kila siku mpaka Pasaka.

Ameniomba namba yako akushukuru, nami nimempa. Atakupigia Jumapili baada ya misa. Ukitaka kumwambia ukweli, mwambie, ni haki yako. Atavua aproni aondoke, na safari hii hatarudi, unamjua. Mimi sitakulaumu. Ila leo nilipita jikoni nikamsikia anajizoeza peke yake, ameinamia chungu. Haloo, komadre. Anakohoa, anasafisha koo, anaanza tena. Haloo, komadre.

Mama anakubusu. Lifunge goti kitambaa cha moto, usilisimamie sana. Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa,

Zoila