Donge la Unga Juu ya Pistoni

Jumatano, Novemba 2005

Ile kamshafti kubwa, chuma kinachosukuma valvu za injini zifunguke, niliichagua mimi. Gari ni la kaka Salim, la Kimarekani, silinda nane, lakini mdomo ulikuwa wangu: "Kaka, tia hii, litanguruma mpaka mtaa wa pili, Bordesley Green, walisikie."

Asubuhi akanipigia simu. "Umepima kama valvu hazitagonga pistoni?"

"Nimepima."

Sikuwa nimepima. Miaka ishirini kwenye kazi hii, na bado siwezi kuulizwa swali bila kupandisha mabega.

Baada ya adhuhuri roho ikanisuta. Nikaenda jikoni, nikamega donge kwenye unga wa chapati aliokanda mke wangu, nikaliweka juu ya pistoni ili linionyeshe nafasi iliyobaki. Nikafunga silinda hedi, kile kifuniko cha juu chenye valvu, nikaizungusha injini kwa mkono, polepole. Nilipofungua, valvu ilikuwa imelikata donge mpaka chuma cha pistoni kinaonekana: nafasi hakuna.

Tungeiwasha, ingevunjika palepale. Na Jumamosi gari hilo linambeba binti wa kaka, bibi harusi, mbele ya watu wote wa mtaa wetu, Ladypool Road.

Mke wangu akaja kuulizia unga wake. Nikamweleza. Hakucheka. "Mpigie kaka yako sasa hivi."

Nikampigia. "Kaka, asubuhi nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Ungekuwa umepima, ungenieleza nusu saa nzima. Rudisha kamshafti ya zamani, mdogo wangu."

Alijua tangu asubuhi. Akaningoja niseme mwenyewe.